Mwaka Niliojipakulia Mwenyewe

Mama mkwe wangu alizikwa mwezi uliopita, na mchungaji akaniomba niseme maneno mawili kwa niaba ya wake wa nyumba hiyo. Nilisema mawili kweli. Nilisema alikuwa mchapakazi na kwamba tutamkosa, nikakaa. Watu walidhani machozi yamenizuia. Hayakuwa machozi. Hasira na upendo vilikuwa vimekwama kooni pamoja, na nilijua nikiendelea kufungua mdomo vitatoka kwa mpangilio mbaya mbele ya kwaya na wazee wa kanisa. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Nitaandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka wa 1999, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Anayetaka kujua nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hapa hatapata. Nitaanzia kwenye mizani.

Ilikuwa ile mizani ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa suruali ya kitambaa kisha anatundikwa kama kitu cha kuuzwa. Binti yangu Mwikali hakulia. Alikuwa mtoto asiyelia sana, na mimi nilikuwa nikisifiwa kwa hilo, kwamba nina mtoto mpole. Dispensari yetu ya Kangundo ilikuwa chumba kimoja cha mawe na benchi refu nje, na siku ya kupima watoto benchi lote lilikuwa limejaa akina mama. Muuguzi aliyekuwa zamu, Sista Tabitha, aliangalia mshale wa mizani, akaniangalia mimi, akaangalia mshale tena.

"Mama Mwikali, huyu ako na miezi ngapi?"

"Kumi na mitano."

"Una uhakika si mitano?"

Wanawake wa benchi walicheka. Na mimi nilicheka pia, jambo ambalo sijajisamehe mpaka leo. Sista hakucheka. Alifungua kadi ya kliniki, akaenda mpaka mstari wa kwanza kabisa, pale walipoandika uzito wa siku ya kuzaliwa: kilo moja na gramu mia tisa. Akaniuliza kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Nikasema hapana, miezi tisa yote ilitimia. Akaniuliza kama niliugua malaria. Nikasema sikuugua hata mafua. Ndipo akaniuliza swali ambalo katika ile mimba yote ya kwanza, kliniki zote nilizokwenda, vidole vyote vilivyonibonyeza tumbo, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Ulikuwa unakula nini?"

Nikamweleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nyumbani kwa mume wangu, mwanamke akifika mwezi wa saba hubadilishiwa bakuli. Anapewa lile la watoto, la bati. Asubuhi uji mwepesi, nusu bakuli. Jioni muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nusu bakuli tena. Mayai hapana. Maziwa hapana. Parachichi hapana, nyama yenye mafuta hapana, kwa sababu vitu hivyo hunenepesha mtoto, na mtoto mnene humkwamia mama wakati wa kuzaa. Na kazi zinaongezwa, maji mtoni mara mbili badala ya moja, ili tumbo libaki dogo. Nilimaliza kueleza nikaona Sista ameweka kalamu chini.

"Na wewe umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Na ukakubali?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na mtu wa kwanza niliyemkasirikia alikuwa mimi. Kwa maana katika mtihani wa Biolojia nilichora mtoto akiwa tumboni. Nilichora kondo la nyuma na kitovu na mishale yote, chakula kinaingia huku, uchafu unatoka huku, na nikapata alama zote za swali hilo. Mishale ile nilikuwa naijua kwa kichwa. Haikuwahi kunijia akilini kwamba mshale unaanzia kwenye bakuli. Na jambo baya zaidi ni kwamba nilikuwa najivunia. Kulikuwa na siku moja, nikiwa karibu kujifungua, nimelala nyuma ya ukuta wa jikoni kwa sababu miguu ilikataa kunibeba, nikawasikia mama mkwe na wanawake wawili wa kanisa wakipukuchua mahindi. Mmoja akasema, "Huyu wa kwenu atazaa kama anakohoa. Tumbo dogo hivyo!" Mwingine akasema, "Ana nidhamu, si kama hawa wa siku hizi." Nilikuwa na njaa kiasi kwamba nilikuwa nikitafuna udongo wa kichuguu, na bado nikatabasamu kule nyuma ya ukuta. Nilizaa kama ninayekohoa kweli. Kitoto kikatoka, kimekunjamana, mikono myembamba kama vidole vyangu, na wote wakapiga vigelegele.

Sista Tabitha alinieleza polepole, na ninaandika alivyosema kadiri ninavyokumbuka. "Mtoto wako hakuanza kuwa mdogo siku uliyomzaa. Alianza huko ndani. Akiletewa kidogo, mwili wake unajifunza kuishi na kidogo. Unalinda ubongo, unabana vingine. Huyu anaweza kukua vizuri, usife moyo, lakini umchunge. Umchunge kifua, umchunge damu. Na akiwa mtu mzima umwambie apimwe presha na sukari mapema, kwa sababu tulifundishwa kwamba miili ya watoto kama hawa haisahau." Kisha akavuta chini kope la jicho langu, akatazama weupe wake, akashusha sauti ili benchi lisisikie. "Na hii nyingine iko na miezi mingapi?" Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Nikasema, miwili.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka mpaka Mwikali akaamka mgongoni. Kumbuka nilikuwa naishi kwenye boma la mama mkwe; mume wangu, Musyoka, alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe kule Mlolongo na alikuja kila baada ya wiki mbili. Jikoni palikuwa himaya ya mama yake. Sisi tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Chumba chenyewe kilikuwa cha udongo, cheusi kwa moshi kutoka usawa wa kiuno kwenda juu, na yeye alikuwa na kigoda chake karibu na mafiga, na mwiko hakuna aliyeugusa ila yeye. Kupakua ilikuwa kazi yake. Hata Musyoka, mtu mzima mwenye ndevu, alisubiri kupakuliwa. Nilimkuta akichambua ndengu. Tulizungumza kwa Kikamba, hapa naandika kwa Kiswahili.

"Mwaitu, niko na mimba."

"Mungu asifiwe."

"Na hii nitakula."

Aliendelea kuchambua. "Nani amesema watu hawali?"

"Nitakula mpaka nishibe, mpaka mwezi wa tisa. Na mayai."

"Nani amekutia hayo kichwani, ni yule Tabitha? Yule hajazaa hata mmoja."

"Mwaitu, mwangalie Mwikali."

"Namwangalia. Yuko hai. Na wewe uko hai. Unataka nini kingine?"

Leo najua jibu lake lilitoka wapi, lakini siku hiyo nilisikia dharau tupu. Kuanzia hapo tukawa na vita vya kimya. Nilikuwa nikichukua yai kwenye kiota na kulichemsha ndani ya birika la chai ili lisionekane. Yeye akaanza kuamka kabla yangu kuokota mayai. Nikaanza kuamka kabla yake. Wakati mwingine tulikutana bandani tumeinama wote wawili, tukasalimiana kwa heshima kabisa, "Umeamkaje, Mwaitu?" "Nimeamka vyema, mwanangu," huku kila mmoja ameficha mkono nyuma. Kisha Jumapili moja ya Machi akafanya jambo ambalo bado linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Alikusanya mayai yote ya wiki, akayapeleka kanisani kuwa sadaka.

Kwetu sadaka ya shamba hupigwa mnada baada ya ibada. Mzee wa kanisa husimama na kuinua kitu, kiwe ni kuku, mkungu wa ndizi au debe la mbaazi, na watu hupandisha bei, pesa zinaingia kwa Mungu. Mzee akainua kikapu. "Mayai ya Mama Musyoka! Ya kienyeji, hayajui dawa! Nani?" Mwaitu alikuwa ameketi safu ya mbele na kitambaa chake cheupe cha ushirika wa akina mama, ametulia kama mtu aliyeshinda kesi mbele ya Mungu mwenyewe. Nikainua mkono. Mwalimu mmoja akapandisha. Nikapandisha juu yake. Nilikuwa na pesa za viatu alizoniachia Musyoka, na viatu nilivyovaa vilikuwa vimefungwa kwa waya. Mwalimu akapandisha tena kwa mzaha, nami nikapandisha kwa sauti iliyofanya watu wageuke. Mzee akapiga meza. "Yameenda kwa mke wa Musyoka! Yanarudi nyumbani yalikotoka!" Kanisa likaangua kicheko. Hakuna aliyejua kinachoendelea ila sisi wawili. Nilipita mbele ya Mwaitu na kikapu changu, naye akasema chini kwa chini, bila kugeuza shingo, "Umeniaibisha mbele za Bwana." Nikamjibu, "Nimemlipa Bwana kilicho chake." Halikuwa jibu la mkwe kwa mama mkwe. Najua.

Musyoka alipokuja alipata kesi mezani kutoka pande zote mbili, na kama wanaume wengi wapole, alitafuta njia ya kutoka bila kuamua. Akanichukua, mimi na Mwikali, twende tukae naye Mlolongo. Chumba kilikuwa kimoja, katika ploti ya vyumba vya kupanga vya mabati karibu na mahali malori hujipanga kupimwa uzito, na vumbi la machimbo lilitua juu ya kila kitu, likawa unga mwingine juu ya unga. Choo kimoja kwa nyumba nane. Lakini hakuna aliyenishikia mwiko. Na mimi nikala. Naomba msomaji aelewe nilivyokula. Nilikula kama mtu anayelipiza kisasi. Asubuhi mandazi manne na chai nzito ya sukari. Saa nne mkate mweupe na soda. Mchana chipsi za yule mama wa barabarani. Jioni chapati, na soda tena. Musyoka alifurahi mno. Alikuwa akija na chupa mbili mikononi akiwaambia majirani mlangoni, "Mke wangu anakula, nyinyi! Huyu mtoto atazaliwa na meno!" Kila nilipomeza nilisema moyoni, hii ni ya yule wa kwanza, hii ni ya huyu wa pili. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto wa pili hawezi kulipwa deni la wa kwanza.

Kufikia Julai nilikuwa tumbo lenye miguu. Kiu haikuisha. Nilikunywa jagi zima na dakika kumi baadaye koo limekauka. Kwa sababu choo kilikuwa mbali nilikuwa na beseni la mkojo chini ya kitanda, na asubuhi moja nimelitoa nje kulimwaga, nikaitwa na maongezi, nikaliacha kando ya ukuta. Jirani yangu Mama Achieng, mwanamke wa Kisumu ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori, ndiye aliyeliona.

"Mama Mwikali! Kuja uone."

Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta, wamepanda beseni, wamezunguka ukingo wote kama watu kwenye kisima.

"Umemwaga chai hapa?"

"Si chai," nikasema kwa aibu.

"Basi hiyo ni sukari. Mama yangu alikuwa hivyo kabla hajajulikana ni mgonjwa. Vaa viatu twende."

"Wacha nimalize kufua."

"Nguo zitafuliwa hata na mume mjane. Vaa viatu."

Alinipeleka kliniki moja upande wa Athi River, akamshika Mwikali muda wote niliokuwa ndani. Daktari alikuwa kijana, pengine umri wangu, na alinidunga kidole mara mbili, siku hiyo na kesho yake asubuhi kabla sijala. Kisha akachora kwenye kipande cha karatasi, na nilipoona anachochora nilitaka kulia: kondo la nyuma, kitovu, mishale.

"Mimba yenyewe inaufanya mwili wa mama utumie sukari kwa shida," akasema. "Wengi miili yao hujikaza, inashinda. Wako umeshindwa kujikaza. Sasa sukari inabaki kwenye damu, inavuka kwenda kwa mtoto. Yeye hana pa kuipeleka, anaigeuza mafuta. Ananenepa mabega. Kuzaa kunakuwa kugumu. Na akishazaliwa, kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakatika ghafla, ilhali mwili wake umezoea kupambana na nyingi. Yake inaweza kuanguka kabisa. Hiyo ndiyo ya kuogopa."

Nilisimama. "Daktari, wa kwanza nilinyimwa chakula nikaambiwa nimemharibu. Huyu nimekula, unaniambia nimemharibu. Nyinyi watu mnataka tubebe mimba tukiwa mawe?"

Alisubiri nikae. "Sijasema umemharibu. Nimesema tumejua mapema, na kuna miezi zaidi ya miwili. Miezi miwili ni mingi sana kwa aliye tumboni." Akaniandikia: acha soda, acha mandazi na mkate mweupe. Kula mbaazi, ndengu, maharagwe, mtama, mboga za majani, mayai, maziwa mala yaliyoganda. Kidogo, mara nyingi kwa siku. Tembea. Mstari wa mwisho akaupigia kalamu mara mbili: usijinyime.

Nilisoma karatasi ile njia yote, na nilipofika ploti nilikuwa nimeshaelewa kitu kilichonifanya nicheke peke yangu kwa uchungu. Kila kilichoandikwa pale kilikuwa jikoni kwa Mwaitu. Mbaazi zake zilikuwa zinakauka shambani wakati huohuo. Mtama ulikuwa ghalani. Ng'ombe wake alikuwa anakamwa. Huku Mlolongo nilikuwa na jiko la makaa moja, na mbaazi kavu hula makaa ya nusu siku. Na Mwikali alikuwa anakohoa vumbi tangu Mei. Jikoni nilimoteseka ndimo mlimokuwa na dawa. Mama Achieng akaniuliza, "Utarudi kwa yule mama wa bakuli?" Nikamwambia, "Nitarudi, lakini sirudi vile nilivyokuwa."

Niliingia bomani mchana, Mwaitu yuko kwenye kigoda chake, na wanawake wawili wa jirani wamekuja kuazima ungo. Mmoja akapiga makofi. "Aiee! Ameenda mmoja, amerudi watatu!" Mwaitu alinitazama tumbo, na niliona uso wake ukibadilika. Nilitegemea kuona ushindi. Nilichoona ilikuwa hofu, tena hofu ya kweli, ile ya mtu anayemwona nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Wageni walipoondoka nikamwambia yote bila kupamba: sukari, mabega, kitovu. Nikampa na karatasi, ingawa hakujua kusoma, nikamsomea.

"Kwa hivyo nilisema kweli," akasema. "Ni mkubwa."

"Ulisema kweli kwamba mtoto anaweza kuwa mkubwa. Hukusema kweli kwamba dawa ni njaa. Nimerudi kwa sababu chakula changu kiko kwako. Lakini kupakua nitajipakulia mwenyewe. Na nitazalia hospitali kubwa, si hapa."

"Katika nyumba yangu?"

"Katika nyumba yako, Mwaitu. Ukikataa niambie sasa, nisifungue mzigo."

Alinyamaza siku tatu. Si kuninunia tu. Hakusema neno na mtu, hata na ng'ombe. Lakini siku ya kwanza jioni, sufuria ilipoiva, aliuweka mwiko juu ya mfuniko na kutoka nje. Nikajipakulia kama mwizi. Kuanzia hapo nilikula mara sita kwa siku, sahani ndogo, mbaazi na mboga za kunde, uji wa mtama bila sukari, yai kila asubuhi mezani, wazi. Nilitembea mpaka sokoni na kurudi kila siku. Kila Ijumaa nilikwenda kupimwa kidole. Nilitamani soda mpaka niliiota. Kuna siku nilisimama mbele ya duka nikiangalia chupa kwenye friji mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepotea. Ijumaa ya tatu sukari ilianza kuteremka, na Sista Tabitha, ambaye sasa alikuwa akinipima yeye mwenyewe kwa kifaa alichoazima hospitali kubwa, akanishika bega lakini hakunilegezea kamba: "Usisherehekee. Rudi Ijumaa."

Lakini nirudi nyuma kidogo: Mwaitu alizungumza siku ya nne baada ya kurudi kwangu. Tulikuwa tumeketi uani na lundo la mbaazi, tunapukuchua. Akaanza katikati, kama mtu anayeendelea na maongezi yaliyokuwa kichwani mwake. "Alikuwa na mabega ya mwanamume, yule mtoto. Kichwa kilitoka, mabega yakakataa." Nilijua alikuwa na binti aliyefariki, Kavata, dada mkubwa wa Musyoka, lakini katika nyumba hiyo jina lake halikutajwa, nami sikuwahi kuuliza. Alinieleza siku hiyo. Kavata alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mfupi, mwembamba wa nyonga. Alikuja kuzalia nyumbani kwa mama yake. Siku mbili. Walipopata gari la kumpeleka, hakukuwa na wa kupelekwa. "Nilikuwa nimemlisha vizuri," akasema Mwaitu. "Maziwa, nyama, kila kitu, kwa sababu alikuwa mwanangu. Nikaapa hakuna msichana mwingine atakayekufa kwa mkono wangu wa kupakua." Mikono yake iliendelea na mbaazi. "Wewe ulifikiri nakuchukia."

"Ndiyo," nikasema. Sikutaka kumdanganya.

"Mimi nilikuwa nakutaka uishi."

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira bado, na Mwikali alikuwa amelala mkekani mbele yetu, mbavu zake zinahesabika. Nadhani hili ndilo jambo ambalo sikuweza kulisema kule kanisani: mtu anaweza kukupenda kwa moyo wote na akamharibu mwanao, na upendo haufuti madhara, wala madhara hayafuti upendo. Vyote viwili vinaketi uani, vinapukuchua mbaazi.

Uchungu ulinishika Oktoba, asubuhi, siku tano kabla ya tarehe. Mwaitu alikuwa amefunga mzigo wake wiki nzima kabla. Hospitalini Machakos mjini walitaka abaki nje ya lango pamoja na jamaa wengine. Akamwambia askari wa mlangoni, "Kijana, nimewahi kungoja nje mara moja. Piga risasi kama utapiga." Akaingia. Sitaeleza kuzaa, kila mama anajua kwake. Nitasema tu kwamba mabega yalisita, kwa muda ambao siwezi kuupima, wakunga wawili wakanikunja magoti mpaka kifuani, na nikasikia sauti ya Mwaitu nyuma ya pazia ikirudia neno moja la Kikamba, "toka, toka, toka," kama anayeita mtu kutoka kwenye nyumba inayoungua. Akatoka. Mvulana, kilo tatu na nusu. Akalia. Pazia likatulia.

Lakini kwangu hayakuwa yameisha. Wakamdunga kisigino. Sukari ilikuwa chini. Muuguzi akasema, mnyonyeshe sasa hivi, usingoje, na tutampima tena. Nikamweka kifuani, akawa analegea, mdomo unaacha, mimi namgusa nyayo, amka, amka. Mara ya pili wakamdunga: imepanda kidogo, haijatosha. Mnyonyeshe tena. Mwaitu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo lililokatazwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwondoa. Hakuondoa macho kwenye kile kisigino. Mara ya tatu muuguzi akasoma, akaandika, akapumua. "Iko sawa. Huyu ameshika."

Ndipo Mwaitu akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa heshima, kama mtu aliyeomba ruhusa. "Sista, mtoto mkubwa kukwama, ni ya chakula peke yake?"

"Si chakula peke yake, mama. Wakati mwingine ni nyonga ya mama ni ndogo. Msichana akikosa chakula akiwa mdogo, au hata akiwa tumboni mwa mama yake, mifupa haipanuki. Baadaye hata mtoto wa kawaida anamkwamia."

Mwaitu akasema, polepole, "Kavata nilimbeba mwaka wa njaa. Tulikuwa tunakula mizizi."

Muuguzi hakumjua Kavata ni nani, lakini nadhani alielewa. Angeweza kumpa uongo wa huruma. Namshukuru hakumpa. "Labda, mama," akasema. "Siwezi kujua. Labda."

Nilimwona Mwaitu akihesabu kichwani, miaka, mimba, mabakuli. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tayari tangu Februari, makali, yamepangwa vizuri, nami nilikuwa na haki nayo. Nikamtazama mwanamke huyu mzee aliyetoka tu kuambiwa kwamba huenda alimwogopa adui asiye mwenyewe, na kwamba kwa hofu hiyo aliipitisha njaa ile ile kwa mjukuu wake. Sikuyasema. Nilisema kitu kingine, kilichokuwa kweli zaidi wakati ule.

"Mwaitu, nina njaa."

Akasimama, akarekebisha kitambaa chake kichwani, akatoka wodini akiuliza watu jikoni ni wapi. Alikaa muda. Aliporudi alikuwa ameshika sahani ya hospitali kwa mikono miwili, maharagwe na kabichi mpaka ukingoni, na alikuwa amegombana na mtu kuipata, nilimwona usoni. Akaiweka magotini pangu na kumchukua mtoto. Nikala mbele yake bila haraka, bila kuficha mkono, mpaka bati la sahani likaonekana. Kisha nikamnyooshea sahani, nikamwambia aniongezee. Akaenda kuongeza.